Tarehe, namba tatu au alama za Git? Jibu kwa timu yenye 1.0.37 mbili

Swali: "Shikamoo mwalimu. Tuko watatu hapa Mwanza, tunatengeneza programu ya simu za Android kwa wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Mfanyabiashara anaandika ndoo alizonunua kwa kila mwenye mtumbwi, bei, na deni lililobaki. Akipata mtandao, rekodi zinakwenda kwenye seva yetu. Bado hatujaitoa rasmi, ila watu 9 wanaijaribu, wawili kati yao wako Ukerewe. Faili tunawatumia kwa WhatsApp. Tulianza na 1.0, kila tukirekebisha kitu tunaongeza namba ya mwisho. Wiki iliyopita tumegundua kuna 1.0.37 mbili: mimi nilitengeneza yangu na mwenzangu akatengeneza yake siku hiyohiyo. Mama mmoja pale Mwaloni anasema jumla ya deni inakosea. Kwenye simu zetu iko sawa. Yeye anasema ana 1.0.37, hatujui ni ipi. Tulipomtumia nyingine, simu yake ikakataa kuiweka. Sasa tumebishana: mmoja anataka tutumie tarehe, mwingine anataka namba tatu kama programu kubwa zinavyofanya, na mimi nimeona wengine wanaweka zile herufi za Git. Ipi ndiyo sahihi? Na je, kila badiliko dogo lazima libadilishe toleo?"

Marahaba, mwanangu, na wasalimie wenzako wawili.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishika zaidi si ubishi wenu wa tarehe na namba. Ni yule mama. Ana programu mkononi inayomwambia deni lisilo sahihi, na deni pale Mwaloni ni neno zito: ni yeye na mwenye mtumbwi, kesho wataonana tena. Ninyi mna nia ya kumsaidia, lakini hamwezi, kwa sababu hamjui msimbo upi, yaani maandishi ya programu mnayoyaandika, ndio uliozaa kile alichonacho. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mnaweza kuhamia tarehe leo jioni na wiki ijayo mkajikuta na tarehe mbili zinazofanana.

Ninyi watatu hambishani juu ya jambo moja. Kila mmoja anataka namba ifanye kazi tofauti. Anayetaka herufi za Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, anauliza: hili ni faili gani hasa, na limetoka kwenye msimbo upi? Anayetaka namba tatu anauliza: tunamwahidi nini mtumiaji, je, mambo yake ya zamani yataendelea kufanya kazi? Anayetaka tarehe anauliza: hili ni la lini? Yote ni maswali halali. Kosa ni kuyabebesha yote namba moja, halafu namba hiyo iandikwe kwa mkono na watu wawili wasioonana.

Tazama mitumbwi ufukweni. Kila mmoja una jina lililopakwa rangi na una namba ya usajili. Jina ni la watu: linaitwa, linasifiwa, na mitumbwi mitano inaweza kuitwa jina moja bila tatizo. Namba ya usajili haina sifa yoyote, haisemi kama mtumbwi ni mzuri au mbovu, ila hairudiwi. Mtumbwi ukipotea usiku, atakayeutafuta ataomba namba. Programu yenu mpaka sasa ina jina tu. Haina namba ya usajili.

Niseme kidogo kinachotokea mnapotengeneza faili la APK linalowekwa kwenye simu, yaani bildi, maana wengi hudhani bildi ni msimbo wenyewe. Sivyo. Bildi ni matokeo ya msimbo wa dakika ile, pamoja na maktaba mlizozivuta, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine, pamoja na mipangilio ya kompyuta iliyotumika, pamoja na ufunguo wa siri wa kidijitali uliotia sahihi faili. Badilisha kimoja na umepata kitu kingine, hata kama hukugusa mstari wako mmoja. Wewe na mwenzako mnaweza kuwa na msimbo uleule kabisa, lakini kompyuta yake ikawa na maktaba iliyotangulia ya kuchora risiti, na bildi zenu zikatenda tofauti. Ndiyo maana sentensi "kwenye simu yangu iko sawa" haina uzito mpaka ijulikane kwenye simu yako kuna bildi ipi.

Sasa nizipitie hoja zenu, nikianza na namba tatu, kwa kuwa ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Mpango huo unaitwa Semantic Versioning, ulioandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo. Namba ya kwanza inapanda mnapovunja kitu ambacho wengine walikitegemea. Ya pili inapanda mnapoongeza kitu kipya bila kuvunja cha zamani. Ya tatu inapanda mnaporekebisha kasoro tu. Kwa hiyo 1.0.37, kwa kanuni hizo, ingemaanisha kwamba mmetoa toleo rasmi la kwanza na tangu hapo mmefanya masahihisho 37 bila kuongeza kitu kipya hata kimoja. Sidhani kama ndivyo mlivyofanya. Kwa programu ambayo bado inapikwa, kanuni zina nafasi yake: namba inayoanza na 0, mfano 0.7.0, inasema wazi kwamba chochote kinaweza kubadilika. Hapo ndipo mlipotakiwa kuwa. Kurudi kwenye 0 si kushushwa cheo. Ni kumwambia anayejaribu ukweli.

Kuna kanuni moja ndani ya mpango huo ambayo ningependa muibandike ukutani: toleo likishatolewa, kilichomo hakibadilishwi tena. Ukikosea, toa lingine. Hiyo peke yake ingewaokoa na 1.0.37 mbili.

Tena, hizi nukta si za desimali. Nimeona timu ikifika 1.9 ikaruka kwenda 2.0 kwa kuogopa kwamba 1.10 ni ndogo kuliko 1.9. Si ndogo. Kila sehemu ni namba kamili inayojitegemea, baada ya 9 inakuja 10. Ila orodha ya mafaili kwenye kompyuta ikipangwa kama maandishi, 1.10 itakaa kabla ya 1.9, na mtu aliyechoka atachukua lisilo la mwisho. Jambo hilohilo hutokea kwa majina ya majaribio: beta.2 na beta.11, zikitenganishwa na nukta, zinapangwa kwa hesabu, 2 kabla ya 11. Ukiziandika beta2 na beta11 bila nukta, zinapangwa kama maandishi, na 11 inatangulia 2.

Lakini nikuulize: kwenye programu yenu, nani anayeitegemea kwa namna ambayo kuivunja kuna maana? Mama wa Mwaloni hajaandika programu nyingine juu ya yenu. Mkihamisha kitufe, atakasirika, ila hakuna kitu kitakachovunjika kimya kimya. Mahali ambapo ahadi ya namba tatu ina uzito kwenu ni pale simu inapozungumza na seva, na pale simu inapohifadhi rekodi ndani yake. Nakaa hapa kidogo, kwa kuwa mna watu wawili Ukerewe.

Mtu akiwa kisiwani anaweza kukaa siku nyingi akiandika manunuzi bila mtandao. Siku akipata mtandao, simu yake itatuma rekodi zilizoandikwa na bildi ya mwezi uliopita, kwenda kwenye seva ya leo. Kama katikati mlibadilisha "ndoo" kuwa "uzito kwa kilo", seva itapokea 12 ikidhani ni kilo 12. Haitapiga kelele. Itaandika tu. Kwa hiyo mazungumzo kati ya simu na seva yawe na toleo lake lenyewe, tofauti na la programu, na hilo ndilo mlitunze kwa ukali wa kanuni za namba tatu: kubadilisha maana ya kitu kilichopo ni kupandisha namba ya kwanza, na seva iendelee kuielewa ya zamani mpaka simu ya mwisho ihame. Hifadhidata ndani ya simu nayo ina namba yake, namba moja kamili inayopanda tu. Mkimrudisha mtu kwenye bildi ya nyuma ambayo haiijui hifadhidata mpya, Android kwa kawaida yake itarusha kosa na programu itajifunga, isipokuwa mmeandika wenyewe namna ya kurudi nyuma. Wachache huiandika, na wanaoiandika mara chache huijaribu.

Hoja ya tarehe ina wafuasi wa heshima. Ubuntu, watu wa mfumo wa kuendesha kompyuta, wamefanya hivyo tangu 4.10, yaani Oktoba 2004; 24.04 ni ya Aprili 2024. Inawafaa kwa sababu wanatoa Aprili na Oktoba kila mwaka, na mtu akisikia namba anajua umri wa alichonacho. Kwa bildi za maendeleo, ambapo mnaweza kutengeneza nne kwa siku, tarehe pekee haitoshi. Mtasema: tuongeze saa. Hapo kuna shimo ambalo sisi tunaosema Kiswahili tunalitumbukia kuliko wengine. Faili likiandikwa 0930, kompyuta inamaanisha saa tatu na nusu asubuhi. Utampigia mtu anayejaribu, atakwambia "nimeweka ile ya saa tisa na nusu," nawe utatafuta bildi ya alasiri ambayo haipo. Nimeona saa nzima ikipotea hivyo, watu wote wakiwa waaminifu. Ongeza kwamba seva nyingi za kujengea, yaani kompyuta za mtandaoni zinazotengeneza bildi, hufuata UTC, saa ya pamoja ya dunia, na sisi tuko mbele kwa saa 3: bildi mliyoitengeneza saa nane usiku wa kuamkia Jumatano itaandikwa Jumanne saa tano usiku. Tarehe iwekeni, inasaidia kumbukumbu. Isiwe ndiyo kitambulisho.

Na zile herufi za Git, ulizoziona wewe? Kila komiti, yaani badiliko la msimbo lililohifadhiwa kwenye historia, ina alama yake ya herufi na tarakimu 40, na kwa kawaida huonyeshwa 7 za mwanzo. Kwa swali la "msimbo upi", hakuna jibu bora: ukipewa 4e1a9c2 unafungua msimbo ule hasa, mstari kwa mstari. Udhaifu wake ni kwamba haina mpangilio. Ukipewa 4e1a9c2 na b07d3f8, huwezi kusema ipi ilitangulia bila kufungua historia. Simu haiwezi kuitumia kuamua ipi ni mpya, na mama hawezi kukusomea kwa simu katikati ya kelele za soko. Halafu haisemi chochote kuhusu mabadiliko uliyokuwa nayo kwenye kompyuta bila kuyaweka kwenye komiti. Bildi iliyotoka kwenye msimbo wenye mabadiliko ya namna hiyo itabeba alama ya komiti ambayo si yake. Amri ya git describe ikiongezewa --dirty itakuonya, na ningeshauri bildi yoyote yenye onyo hilo isitoke nje ya meza yenu.

Amri hiyo ya git describe wengi huipenda kwa kuwa inaunganisha vitu vitatu: tagi ya mwisho (jina mlilobandika kwenye komiti fulani), idadi ya komiti tangu hapo, na alama. Inakupa mfano 0.7.0-23-g4e1a9c2. Ni nzuri kwa kusomwa na watu. Ila chini ya kanuni za namba tatu, kitu chochote kinachofuata kistari baada ya 0.7.0 huhesabiwa kuwa ni kabla ya 0.7.0, wakati hapa ni baada yake kwa komiti 23. Kwa hiyo msiipe programu nyingine ipange matoleo kwa maandishi hayo.

Basi ningekuwa nimeketi nanyi, ningefanya hivi.

Kila bildi ipate namba moja kamili inayopanda: 401, 402, 403. Hiyo ndiyo namba ya usajili. Itolewe na mahali pamoja tu, isirudiwe, na bildi iliyoharibika ibaki na namba yake kama risiti iliyofutwa inavyobaki ndani ya kitabu. Jina la toleo liwe 0.7.0, na liwe ni lengo mnaloliendea, si hesabu ya mabadiliko. Mtu aone "0.7.0 (403)". Alama ya Git na tarehe vikae kwenye ukurasa wa "Kuhusu", vidogo, kwa ajili yenu. Na hapo nimejibu swali lako la mwisho: badiliko dogo halibadilishi toleo, ila bildi yoyote itakayogusa simu ya mtu mwingine ina namba yake.

Android imeshawatengea nafasi hizo mbili. versionCode ni namba kamili, ndiyo mfumo unaoitazama kuamua ipi ni mpya. versionName ni maandishi ya kusomwa na watu tu; mfumo hauyajali. Nina shaka kubwa kwamba mmekuwa mkibadilisha versionName kila mara na kuiacha versionCode palepale, au kila mmoja na yake. Play Store inakubali versionCode isiyozidi 2100000000, na ukishapakia namba fulani huwezi kuitumia tena. Nakuonya kuhusu hilo kwa sababu yule mwenzenu wa tarehe anaweza kushawishika kuandika mwaka kwa tarakimu mbili, mwezi, siku, saa na dakika: 2511140930. Imepita kikomo. Mwaka kwa tarakimu nne, mwezi, siku na bildi ya siku, yaani 2025111401, inaingia. Ila ukishaweka namba kubwa kiasi hicho huwezi kushuka tena, na mlango wa kubadili mawazo umefungwa. 403 ni rahisi kutamkwa na inawaachia nafasi ya maisha yote.

Mahali pamoja ni wapi? Kama mna seva ya kujengea, kwa mfano GitHub Actions, inahesabu kila inapoendesha kazi, mnaweza kuitumia namba hiyo. Lakini ni hesabu ya kazi ile mahususi: mkitengeneza nyingine mpya inaanza 1, na simu zitakataa. Jumlisheni na msingi fulani, na siku ya kuhama mpandishe msingi. Wengine huhesabu komiti. Inafaa, kwa masharti: mhesabu kwenye tawi kuu tu, yaani mstari mkuu wa kazi mnaouchangia wote, kwa kuwa wewe na mwenzako kila mmoja kwenye tawi lake mnaweza kuwa na komiti 412, na mkarudi kwenye ugonjwa uleule, msiibadilishe historia nyuma, maana hesabu itashuka, na muiambie seva ichote historia nzima. GitHub Actions kwa kawaida huchota komiti moja ya mwisho, na hapo hesabu yenu itakuwa 1 kila siku.

Na kama hamna seva ya kujengea, au umeme na bando haviruhusu kuitegemea, sioni aibu kuchagua kompyuta moja na mtu mmoja. Bildi zote za kutoka nje zitoke hapo. Daftari mezani: namba, alama ya Git, tarehe, nani kapelekewa. Nimefanya kazi hivyo, na daftari lile lilikuwa sahihi kuliko mifumo mingi niliyokuja kuiona baadaye. Bildi za kila mmoja kwa majaribio yake binafsi zipeni kitambulisho tofauti cha programu, kwa kuongeza ".jaribio" mwishoni, na rangi nyingine ya aikoni. Zitakaa kwenye simu pembeni ya ile halisi bila kuigusa.

Jambo moja linanisumbua kuliko yote niliyoyataja. Mkishaijaribu 0.7.0 (412) mkaridhika, toeni 412 ileile. Msirudi kwenye kompyuta "kuondoa neno la majaribio" na kujenga upya, kwa sababu mtakachotoa ni kitu ambacho hakuna aliyekijaribu. Miaka kadhaa nyuma nilishiriki kazi ya ofisi moja ya mizigo. Mteja alikagua faili tuliloliita 2.3, akalikubali. Tukajenga upya kwa kubadilisha jina tu, na katikati maktaba moja ilikuwa imejisasisha yenyewe. Siku tatu risiti zilitoka na kiasi kilichokosewa. Nilizunguka na kitabu kurekebisha moja moja, na bado nakumbuka uso wa karani aliyekuwa akilaumiwa kwa kosa letu. Ndiyo maana sipendi kuweka neno beta ndani ya jina la toleo la programu ya simu: linakulazimisha kujenga tena. Gharama ya njia yangu ni kwamba mtu anaweza kushika 0.7.0 (405) akidhani ndiyo ya mwisho. Naikubali gharama hiyo, kwa sababu namba ya bildi iko mbele ya macho yake. Kwenye Play Store mnaweza kuipandisha bildi ileile kutoka kundi la majaribio hadi kwa watu wote bila kuijenga tena; itumieni njia hiyo mkifika huko.

Namba ionekane. Iwekeni chini ya ukurasa wa kwanza, kwa maandishi makubwa ya kusomeka juani, si ndani ya menyu ya tatu. Msitegemee jina la faili, kwa kuwa likipita WhatsApp kwa watu watatu hujui litafika likiitwaje. Kisha, na hili ndilo litakalowasaidia hasa, kila rekodi ya manunuzi ibebe namba ya bildi iliyoiandika. Siku mkigundua kwamba hesabu ya deni ilikosewa kuanzia 405 hadi 409, mtaiuliza seva: nipe rekodi zote zilizoandikwa na bildi hizo. Mtajua ni akina nani wa kupigiwa simu, wakati sasa mngelazimika kuwapigia wote 9 na kuwaambia hamna uhakika.

Msiwape watu kila bildi. Jengeni mara kumi kwa siku mkipenda, ila wanaojaribu wapate iliyochaguliwa, na wakati wao mnaujua kuliko mimi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Hizo ndizo siku za kuuza na kununua, na mtu hana nafasi ya kujifunza ukurasa mpya. Mwezi ukiwa mweupe kazi inapungua. Pelekeni bildi mpya mbalamwezi, na giza likianza waachieni waliyoizoea, isipokuwa kuna kasoro ya hesabu.

Sasa kuhusu simu iliyokataa. Kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza, versionCode ya faili mlilotuma ni ndogo kuliko iliyomo. Android haikubali kurudi nyuma. Ya pili, ambayo naishuku zaidi kwa kuwa bildi zilitoka kwenye kompyuta mbili, ni sahihi. Kila kompyuta yenye zana za Android hutengeneza ufunguo wake wa majaribio, na simu haikubali faili lenye sahihi ya ufunguo mwingine likae juu ya lililopo. Tengenezeni ufunguo mmoja wa timu, wekeni nakala mahali pawili salama, nje ya kompyuta ya mtu mmoja. Mkija kuingia Play Store fahamuni kwamba huko sahihi ya mwisho hutiwa na Google kwa ufunguo wanaoutunza wao. Ukiwa tofauti na wa timu, aliyepata faili kwa WhatsApp hataweza kusasisha moja kwa moja.

Haya mengi mnaweza kuyafanya wenyewe ndani ya siku mbili. Mambo matatu msiyafanye kwa kusoma tu. Kama ufunguo uliotia sahihi bildi za watu umepotea, tafuteni mtu aliyewahi kutoa programu Play Store akae nanyi kabla hamjagusa kitu, kwa sababu nje ya Play hakuna njia ya kuurudisha, na ndani ya Play, ufunguo wa kupakia, yaani ule mnaotilia sahihi faili kabla ya kulipeleka kwa Google, ndio unaoweza kuombewa mwingine ukipotea. Kama rekodi za madeni zimeshachanganyika kwenye seva, mwiteni mtu wa hifadhidata na mchukue nakala kamili kwanza. Vyuo vya hapa Mwanza vina walimu wa kompyuta, na si wachache watakaokubali kukaa nanyi mkienda na tatizo lililoandikwa vizuri. La tatu ni yule mama, na wanaotakiwa kumwendea ni ninyi.

Nendeni Mwaloni mmoja wenu, na mwende na daftari. Fungueni mipangilio ya simu yake, sehemu ya programu, msome jina la toleo, mliandike. Mwombeni awaonyeshe deni moja analolijua kwa kichwa, mlihesabu pamoja kwa kalamu, mjue programu imekosea wapi. Ni kweli kwamba njia ya haraka ya kuweka bildi mpya ni kuiondoa ya zamani, na mtashawishika kumwambia afanye hivyo kwa simu mkiwa nyumbani. Akiiondoa, rekodi zote ambazo hazijafika kwenye seva zinafutika pamoja nayo. Mpeni mtandao wa simu yenu kama wake umeisha, abonyeze kutuma, mfungue seva hapohapo muone manunuzi yake ya mwisho yamefika, myalinganishe na kitabu chake cha karatasi kama anacho. Baada ya hapo ndipo muiondoe, mumwekee 401.